Kwa Somo, Aliyesema Mtu Habadiliki

Somo yangu mpendwa,

Nakuandikia kwa herufi za Kiarabu ili mumeo, Mzee Faki, aweze kukusomea mwenyewe, msihangaike kumtafuta mtoto wa skuli. Mwambie mumeo asiruke neno. Namjua. Barua ya kurasa nne yeye huitazama, akakohoa, akakwambia, "Wanakusalimu, wazima wote," kisha akaikunja. Safari hii asiikunje. Hata akifika mahali alipotajwa yeye, na asome.

Mimi mzima wa mwili. Nimetiwa ndani tangu juzi, na bila shaka habari zimekwisha vuka maji zikakufikia huko Makoongwe: naozwa Ijumaa ya wiki ijayo, kwa mwalimu mwenzangu wa Chake Chake, kijana mpole mwenye miwani. Nimemridhia. Kwa upande huo usinihofie.

Chumba ni kile kile cha uani ulimonikalisha wewe nilipovunja ungo. Dirisha lake dogo liko juu, lakini nikisimama kitandani naiona Makoongwe yote, minazi yake na moshi unaopanda majikoni. Huchagua moshi mmoja nikajiambia ule ni wako. Kisha Bi Time huingia akaniuliza nafanya nini juu ya kitanda, nishuke, nisije nikavunjika mguu watu wakakabidhiwa bibi harusi kiguru.

Bi Time, jirani yetu wa upande wa msikitini, ndiye aliyewekwa mahali pako. Baba ndiye aliyemchagua. Ni mwanamke mwema, na mikono yake laini. Hunisugua mwili kwa liwa, ile sandali ya kusaga, hunifukiza udi, na huzungumza tangu anapovua viatu mlangoni mpaka anapovivaa kuondoka. Lakini akiniita "mwari wangu", mimi hugeuka kutazama anaitwa nani. Nimezungukwa na wanawake kutwa nzima, Somo, na sina hata mmoja wa kuzungumza naye.

Desturi yetu unaijua kuliko mimi. Somo aliyemfunza msichana ndiye anayemtoa ndani na kumpeleka kwa mumewe. Mimi nakutaka wewe. Hilo ndilo lililonikalisha kuandika, na haya mengine yote ni njia ya kulifikia.

Nakumbuka mama alivyokuchagua. Shangazi zangu walitaka mwanamke mzima zaidi, mwenye kusema kwa chini. Mama akawaambia, "Namtaka Mize. Mize hamdanganyi mtoto." Ukaja na kikapu chako cha tambuu, ukakaa nami siku zote zile, na kila jambo ukalitaja kwa jina lake, pale ambapo wengine wangelizunguka mpaka nisijue limeanzia wapi. Nilikuwa naogopa mwili wangu mwenyewe. Ulipoondoka, sikuwa naogopa tena.

Hata hivyo, ninapokukumbuka sana, si kwa mafunzo yale. Nakukumbuka msimu wa karafuu, wanawake na watoto tumejaa barazani kwenu baada ya alasiri, tunachambua. Vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu, harufu imetuingia mpaka kwenye mate, karafuu zinakwenda huku na makonyo, vile vijiti vyake, kule, na wewe unatuhadithia ili tusisinzie. Hadithi zako zilikuwa na zimwi, na mke mkubwa mwenye husuda, na sultani mwenye binti mmoja. Zimwi lilikuwa na njaa mwanzo na lilikuwa na njaa mwisho. Mke mkubwa aliona kijicho hata alipokuwa anazama kisimani. Binti sultani alikuwa mzuri, na kazi yake ilikuwa hiyo tu.

Siku moja, nimekwisha kusoma vitabu viwili vitatu na kichwa kimeanza kupata moto, nikakuuliza kwa nini zimwi halijifunzi kitu. Limedanganywa na mtoto yule yule, kwa hila ile ile, na kesho linarudi tena na gunia lake. Ulinitazama kwa huruma.

"Wewe mwana wataka zimwi nilitie chuoni?" ukasema. "Lihitimu, tulisomee maulidi, tulitafutie na mchumba?"

Baraza nzima ilicheka. Mmoja alicheka mpaka akachanganya makonyo na karafuu alizokwisha zitenga, ukamkemea yeye na mimi pamoja. Mimi sikuacha. Nikasema basi tuliache zimwi, natuseme mtu. Mtu wa kwenye hadithi naye asigeuke? Hapo uliacha kuchambua.

"Mtu habadiliki, mwari wangu. Mtu hujulikana tu. Kila siku wamjua kidogo, nawe wadhani kageuka."

Nililala na neno hilo, nikaamka nalo, na nimekuwa nikibishana nalo mpaka leo. Maana wewe mwenyewe, Somo, ndiye uliyembadilisha baba mbele ya macho yangu.

Unakumbuka nilipofaulu kwenda skuli ya wasichana Unguja. Ami zangu walikusanyika ukumbini kwetu wakasema mtoto wa kike akivuka bahari peke yake harudi alivyokwenda. Baba akawaunga mkono. Alikuwa amekwisha kuniambia hapana, na hapana yake haikuwa na mlango. Mimi nililia humu humu chumbani. Wewe hukulia. Ulivaa buibui lako, ukasimama nyuma ya mlango wa ukumbi, na wanaume wote wale wakikusikia ukaomba ruhusa ya kusema. Hukuwapa maneno mengi. Ukasema, "Bwana, huyu nimemfunza mie. Kama humwamini yeye, niamini mie."

Namsikia baba mpaka leo akivuta pumzi. Kisha akawaambia ndugu zake kwamba suala limekwisha, nitakwenda. Siku ya safari akalibeba sanduku langu mwenyewe mpaka gatini, na njia nzima akinionyesha watu: huyu mwanangu anakwenda kusoma Unguja. Ilikuwa kama kwamba jambo hilo alilitaka tangu nilipozaliwa.

Unguja walinijua Mpemba kabla sijamaliza kuitikia salamu. Walinichekea maneno yangu, nikajifunza kusema kidogo na kusoma sana. Mwalimu wetu wa fasihi alikuwa na swali moja alilotuuliza kila tulipofunga kitabu: ni nani aliyefungua mlango ule wa kwanza, na ni nani anayeufunga sasa? Kama ni yule yule, akasema, basi mwandishi ametuzungusha uwanjani akaturudisha. Likizo ya kwanza nilikukimbilia na swali hilo kama niliyekuletea zawadi.

Nilikwambia kwamba hadithi ambayo mtu wake hutoka kama alivyoingia yaweza kututisha na yaweza kutuchekesha, lakini haikai nasi. Haikai nasi kwa kuwa sisi wenyewe tunaoisikiliza hatubaki tulivyo. Tunataka kumwona mtu akipoteza kitu, akachagua, akajuta, ili tujue ya kwetu yanawezekana. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukatema tambuu yako kwa adabu, ukasema, "Mie nilimkuta Faki akikoroma, na nitamwacha akikoroma. Haya, mtie kwenye kitabu chako." (Mzee Faki, niwie radhi. Alilisema yeye.)

Tulicheka, na sikujua kwamba ndiyo likizo yetu ya mwisho ya kucheka.

Kisha ikaja siasa. Sitaki kuandika vyama, kila mtu avijua. Nataka kuandika yaliyotupata sisi, maana naona hakuna anayeyasema. Niliporudi baada ya mwaka mwingine nilikuta watu wamekuwa kama watu wa hadithi zako za barazani. Huyu ni wa huku, yule ni wa kule, na zaidi ya hapo hapana mtu anayetaka kujua. Aliyekuwa fundi wa milango, aliyekuwa na sauti nzuri ya kuadhini, aliyemuuguza mama mkwe wake mpaka akafa, yote hayo yamefutwa. Limebaki neno moja juu ya kila kichwa. Nyinyi mkahesabiwa wa kule, na duka la Mzee Faki halikuingiwa na mtu wa upande wetu hata kwa kibiriti. Kisima kiligawiwa kwa zamu, na waliokuwa wakitwikana ndoo wakawa wanangojana wapite.

Bibi yangu alifariki nami nikiwa Unguja. Mama ndiye aliyenihadithia. Ulikuja siku ya hitima na gunia la mchele, kama mtu anavyokuja kwenye msiba wa watu wake. Uliingia kwa wanawake, ukakaa, na jamvi zima likasogea. Hapana aliyekutukana. Walisogea tu, wewe ukabaki peke yako katikati, ukasoma Kulhuwallahu zako, ukaondoka. Siku ya pili baba akaurudisha mchele.

Kuurudisha mchele wa msiba, Somo. Sikujua kama jambo hilo linaweza kufanywa. Mama aliponiambia nilimwomba alirudie, nikidhani nimesikia vibaya.

Duka likafungwa, mkahamia kwa jamaa za mumeo Makoongwe, na mimi nikarudi moja kwa moja kuja kufundisha. Nilikuona mara moja tu, gatini, unashuka kwenda kupanda mtumbwi. Nilikukimbilia. Ulinitazama, ukaangalia waliokuwa wanatutazama, ukasema, "Hujambo, mwalimu?"

Nilisema sijambo. Ukashuka. Hukuniita hivyo kwa kunichukia, hilo nalijua. Ulitaka nisipate taabu nyumbani. Lakini ningelipenda unitukane, kwa kuwa uliponitukana siku zote uliniita mwari wako.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika hadithi. Wasichana ninaowafundisha hawana cha kusoma kwa Kiswahili kinachohusu nyumba kama zao, kwa hiyo nilijiambia nitawaandikia mimi. Nilianza na baba aliyerudisha mchele wa msiba. Mara ya kwanza nilimfanya zimwi. Nilimpa macho mekundu na sauti ya kukwaruza, akarudisha mchele akicheka. Niliposoma niliyoandika nikaona nimefanya kama wale waliosogeza jamvi. Nimemwekea mtu neno moja juu ya kichwa na nimesogea.

Nikarudi kwa mama kumwuliza upya, taratibu, kama anavyouliza mwandishi na si mtoto. Ndipo aliponiambia jambo ambalo hakuwahi kulitaja. Vijana wa chama walikuja asubuhi ile kutaka kulibeba gunia wao, walirudishe kwa kelele na ngoma. Baba akawakatalia. Alilitia begani mwenyewe, umri wake ule, akapita njia ya nyuma, ya mashambani, wakati watu wako kazini. Alilitua mlangoni kwenu akabisha hodi mara moja tu. Aliporudi hakula mpaka kesho yake. Alimwambia mama bega linamuuma.

Nimelikalia jambo hilo siku nyingi. Kama alitaka kukudhalilisha, mbona alipita nyuma? Kama hakutaka, mbona alikwenda? Mtu yule yule aliyebeba sanduku langu kwa fahari alibeba gunia lako kwa kujificha, kwa bega lile lile. Zimwi halina bega linalouma. Hapo nilifahamu kwa nini nilikuwa nikibishana nawe miaka yote hiyo. Anayeandika hadithi ya mtu asiyegeuka amekwisha kumhukumu, na kesi imefungwa kabla watu hawajaingia. Lakini aliyeona vitu viwili vinavutana ndani ya mtu mmoja ameuacha mlango wazi. Huenda mtu huyo akaingia, huenda asiingie. Ndiyo maana tunafungua ukurasa unaofuata.

Nawe pia ulikuwa na sehemu ya haki, nakubali. Baba hakuwa mtu mwingine siku ya mchele. Nilimjua kidogo zaidi. Hofu ya watu ilikuwamo ndani yake tangu siku ya ami zangu ukumbini, ila siku ile wewe ulisimama mlangoni ukampa kitu kingine cha kukisikiliza.

Hadithi ilinishinda mwishoni. Nilitaka baba yule abadilike na sikujua kwa njia gani. Nikamtia homa kali, akaamka mwema. Nikachana. Nikamletea ndoto, marehemu mama yake anamlaumu. Nikachana. Nikaleta mafuriko yakawakusanya mahasimu juu ya paa moja, na mimi mwenyewe nikacheka, maana huku kwetu kwenye milima maji yangetoka wapi. Homa haimbadilishi mtu, inamdhoofisha tu. Nilikuwa natafuta kila njia ya kumgeuza mzee wa watu isipokuwa mtu kumwendea na kumwomba.

Juzi, siku niliyotiwa ndani, nilimsomea Bi Time ile hadithi huku ananisugua liwa, angalau nisikie sauti yangu. Alisikiliza kwa makini sana. Mle ndani, pamoja na yule baba, yumo binti yake, ambaye anampenda mwanamke aliyerudishiwa mchele. Nilipomaliza, Bi Time alipangusa mikono akasema, "Nimempenda yule msichana. Toka mwanzo mpaka mwisho hasemi kitu. Mwari hasa."

Alisema kwa kunisifu. Akaendelea na miguu yangu na habari za mbuzi wake, nami nikawa simsikii. Nilizifungua karatasi tena baada ya yeye kuondoka. Kweli. Baba nilikuwa nimemhangaisha kurasa nzima, na binti nimemwacha vile vile: mpole, mwenye machozi, anachungulia dirishani. Nilimpa kila kitu cha kuhurumiwa na sikumpa hata tendo moja. Alikuwa ni yule binti sultani wako, mwenye kazi ya kuwa mzuri, isipokuwa huyu amesoma. Na hadithi ilikuwa imekwama pale pale alipokaa yeye.

Sasa nakwambia nitakalolifanya.

Ijumaa baada ya sala, baba atakuja kwenye mlango wa chumba hiki na mashahidi wawili. Ataniuliza kama nimeridhika kuozwa na kama namwakilisha, yaani namfanya yeye wakili wangu, aniozeshe. Msichana hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kukubali. Bi Time ameshanionyesha namna ya kuinamisha kichwa. Mimi sitanyamaza. Nitasema: "Naam, baba, nimeridhika na mume uliyenichagulia, na nakuwakilisha. Lakini somo yangu yuko Makoongwe. Sitatoka chumbani humu kwa mkono wa mtu mwingine. Nakuomba umwite."

Nimekwisha kuyapima. Upande wa bwana harusi wanaweza kudhani nimekataa, kwa maana nani amewahi kumsikia mwari akijibu? Mashahidi watayatoa nje, na wenzake wa chama watamtazama baba ili waone atafanya nini. Anaweza kuona haya hata asinisamehe. Naogopa, Somo. Huwa nafanya majaribio ya kuyasema kwa sauti Bi Time akishaondoka, na mara mbili nimelazimika kuanza upya nilipofika kwenye neno "somo yangu".

Lakini jana baba alikuja mwenyewe akasimama nje ya mlango. Aliuliza kama liwa inatosha. Baba, ambaye hajui liwa inasagwaje. Nikamwambia inatosha. Hakuondoka. Nikakiona kivuli chake chini ya mlango kwa kitambo, kisha akasema, "Haya," akenda zake. Mtu anayekuja kuulizia liwa ana jambo jingine linalomsumbua.

Barua hii sikuifunga. Nataka atakayeivusha kuileta kwenu aisome, akipenda, na akipenda ampelekee baba habari za humu leo hii. Sitaki kumvizia mbele ya mashahidi. Nataka apate siku za kulala na kuamka na jambo hili, abishane nalo, kwa kuwa mtu aliyeshtuliwa hugeuka dakika moja akarudi alipokuwa. Atajibu nini, sijui. Hapo ndipo kalamu yangu ilipokuwa ikisimama kila mara, kwa sababu nilikuwa natafuta jibu la mtu ambaye hajaulizwa.

Nakuomba usiniwekee kinyongo cha mchele, na wala usimsamehe baba kwa haraka kwa ajili yangu. Ukija, uje na kinyongo chako, ukitie hapo mlangoni, baba akione. Ana haki ya kukiona.

Ijumaa nikisema, ama utaona mtumbwi unavuka kuja kwenu na mtu wa kwetu ndani yake, ama hutaona kitu. Usipoona kitu, usifikiri nimenyamaza. Ujue nimeomba na nimekataliwa, na nimo humu chumbani nimekaa, mchumba wangu na watu wake wako ukumbini wanangoja, na mimi nasema tena.

Nisalimie Mzee Faki. Nikupe mkono kwa mbali, mpaka nikupe kwa karibu.

Mimi,
mwari wako.